UHURU 1961 UKUTANI, BOMA MEZANI: Uhakiki wa Mikahawa ya Maigizo

Utamaduni wa watu hauelei hewani. Unatokana na kazi yao, na namna wanavyogawana matunda ya kazi hiyo. Kwa sababu hiyo kila tabaka linaloshika uchumi hutaka pia kushika picha: jinsi watu wanavyojiona, na jinsi wanavyoonwa na wengine. Makada wetu wamezoea kulichunguza jambo hili katika vitabu, sinema na magazeti. Ni wachache wanaolichunguza mezani, penye sahani na kijiko.

Katika makala hii tunakusudia kuhakiki aina moja ya biashara ambayo msafiri hukutana nayo katika miji mikubwa ya dunia: mkahawa unaouza maigizo pamoja na chakula. Watakuwapo watakaouliza jarida la itikadi linatafuta nini katika hoteli za watalii wakati mkulima anasubiri mbolea. Swali hilo ni la haki, na tutalijibu kadiri tunavyoendelea. Kwa sasa tuseme hivi: maneno yetu yameuzwa mezani, mwaka wetu wa Uhuru umechorwa ukutani, na vijana wetu wanaandaliwa kuhudumu katika kumbi za namna hiyo. Chama kinachodai kuongoza umma hakiwezi kulipita jambo hilo huku kimefumba macho.

CHAKULA NA KISA

Mama lishe wa stendi anauza ugali na maharage, wali na samaki. Mteja akishiba analipa, anafuta mdomo, anaondoka. Mkahawa wa maigizo unauza chakula na kisa. Kuta, taa, muziki, mavazi ya wahudumu na majina ya vyakula vimepangwa ili mlaji ajione yuko mahali pengine au katika zama nyingine. Akitoka, amelipia wali, na amelipia pia ndoto aliyoota wakati anaula.

Biashara hii si ya jana. Katika miaka ya 1930 Mmarekani mmoja, Ernest Gantt, alifungua baa huko Hollywood, akaiita Don the Beachcomber, akaipamba kwa mianzi na makuti ili ifanane na visiwa vya Bahari ya Kusini. Wateja waliamini wanakula chakula cha visiwani. Kwa kweli sehemu kubwa ya chakula hicho ilikuwa ya Kichina cha Kikantoni, na wengi waliochanganya vinywaji nyuma ya kaunta walikuwa Wafilipino, watu wa nchi iliyokuwa koloni la Marekani mpaka mwaka 1946. Ufalme wa Hawaii, moja ya visiwa hivyo vya ndoto, ulipinduliwa mwaka 1893 kwa msaada wa manowari ya Marekani, na nchi ikanyakuliwa rasmi mwaka 1898. Nchi ilichukuliwa kwanza. Makuti yake yakafuata kuwa mapambo.

Mwaka 1971 Hard Rock Cafe ilifunguliwa London, nayo ikauza chakula cha Kimarekani chini ya magitaa ya wanamuziki mashuhuri. Mwaka 1991 Planet Hollywood ilifunguliwa New York, ikiuza majina ya waigizaji wa sinema. Ilipofika mwaka 1999 ilikuwa mahakamani ikiomba kinga ya mufilisi. Mwaka 1994 Rainforest Cafe ilifunguliwa katika jumba kubwa la maduka jimboni Minnesota, ikiwa na wanyama wa mitambo na radi ya bandia inayonguruma wakati watu wanakula.

Tujiulize kama wanafunzi wa uchumi wa kisiasa: faida inatoka wapi hapa? Wali ni wali. Nyama ya ng'ombe haibadiliki ladha kwa sababu imeliwa chini ya gitaa. Kinachopandisha bei ni kisa, na kisa kina sifa moja ambayo mchele hauna: ukishakijenga unaweza kukiuza kila siku, na ghala lisipungue hata kibaba. Malighafi yake ni maisha ya watu fulani, nyumba zao, lugha yao, historia yao. Malighafi ya kiwanda hulipiwa, japo kwa bei ya kunyonya. Malighafi hii huchukuliwa bure.

Karl Marx alionyesha mwaka 1867 jinsi bidhaa inavyoficha kazi ya aliyeitengeneza. Mnunuzi anaiona sokoni kama kwamba imejizaa yenyewe. Mkahawa wa maigizo umekwenda hatua moja mbele. Unamwonyesha mnunuzi watu, tena kwa rangi za kupendeza, lakini unawaonyesha wakiwa wametenganishwa na kazi yao. Hoja hii ndiyo kiini cha uhakiki wetu, na mfano wetu mkuu utaithibitisha kwa maneno ya Kiswahili chenyewe.

MJI WENYE "E" MOJA

Mwezi Aprili mwaka 1998 kampuni ya Disney ilifungua Florida, karibu na mji wa Orlando, bustani ya wanyama na starehe iitwayo Animal Kingdom. Ndani yake kuna kijiji cha kubuni cha pwani ya Afrika Mashariki kinachoitwa Harambe. Waliokijenga walitembelea Afrika, wakachukua mfano wa Lamu kuliko mji mwingine wowote: kuta za chokaa zilizobambuka, milango, vibao vilivyoandikwa kwa mkono. Humo mna mkahawa wa Tusker House, ambako mlaji hutembelewa mezani na Bata Donald aliyevaa nguo za safari. Tangu mwaka 2015 pana pia Harambe Market, soko la vyakula lenye vibanda, kimojawapo kikiitwa Kitamu Grill.

Tulianzie jina. Harambee ni mwito wa watu wanaovuta kwa pamoja: jahazi linapopandishwa ufukweni, gogo linapoondolewa njiani. Jomo Kenyatta aliufanya kuwa mwito wa taifa mwaka 1963, na umeandikwa katika nembo ya Kenya. Ni neno la kazi, tena ya wengi. Florida limepoteza "e" moja, na pamoja na "e" hiyo limepoteza kamba, mzigo na jasho. Sasa ni jina la mahali ambapo mgeni havuti chochote isipokuwa kiti.

Baada ya jina, tarehe. Miongoni mwa maandishi ya mji huo yamo maneno "Uhuru 1961". Msomaji wa Tanzania anaujua mwaka huo kama anavyojua jina la mama yake. Desemba 9, 1961 ndiyo siku Tanganyika ilipopata Uhuru. Lakini Lamu imo Kenya, na Kenya ilipata Uhuru Desemba 12, 1963. Basi kuta ni za Lamu, mwaka ni wa Tanganyika, mwito ni wa Kenyatta, na safari ya magari ya kutazama wanyama inayoanzia hapo imepewa jina la Kilimanjaro. Atakayesema kwamba hilo ni kosa dogo la wasanii hajaelewa. Kwa aliyebuni mji huo, Uhuru ni rangi ya ukutani, na rangi haina haja ya kuwa ya mahali fulani. Kwetu sisi Uhuru ulikuwa na wenyewe: wakulima waliouza kuku ili wachange kadi ya TANU, makuli wa bandari waliogoma, akina mama waliopika, wakaimba na kuhamasisha mikutano. Katika mji wa Harambe Uhuru upo, lakini waliopigania hawapo, na waliopiganiwa dhidi yao hawapo pia. Umebaki mwaka mtupu, kama kibao cha duka.

MANENO MATATU YA MEZANI

Jirani na bustani hiyo ipo hoteli ya kulala iitwayo Animal Kingdom Lodge, iliyofunguliwa mwaka 2001. Jengo moja linaitwa Jambo House, jingine Kidani Village. Wageni hutazama twiga na pundamilia kutoka madirishani. Mikahawa yake mikubwa ina majina ya Kiswahili: Boma, Jiko, na tangu mwaka 2009, Sanaa. Tulikula Boma tulipokuwa safarini katika jimbo hilo. Ni ukumbi wa kujipakulia, wenye masufuria ya supu, nyama za kuchoma zinazokatwa mbele ya mlaji, na jiko lililo wazi. Haki itendeke: chakula ni kitamu, na wapishi wanaijua kazi yao. Hatuhakiki supu. Tunahakiki neno lililoandikwa mlangoni.

Boma ni nini? Kwa mfugaji ni uzio wa miiba unaolinda watu na ng'ombe usiku. Hiyo ndiyo maana ambayo hoteli imeichukua, maana ya watu kukusanyika mahali salama. Lakini historia ya nchi yetu ililiongezea neno hilo maana nyingine. Wajerumani walipojenga ngome zao za utawala, ngome hizo ziliitwa maboma. Bomani ndiko ilikolipwa kodi ya kibanda. Bomani ndiko kiboko kilikochapwa. Agosti 30, 1905, katika Vita vya Maji Maji, wapiganaji kwa maelfu walilishambulia boma la Mahenge, na bunduki za rashasha zikawafyeka. Hata baadaye, Mwingereza alipochukua nafasi ya Mjerumani, mwananchi aliyeitwa bomani hakwenda kwa furaha. Neno moja linabeba zizi, ngome, kodi, damu, na leo ofisi ya mkuu wa wilaya. Kuliandika juu ya mlango wa mahali pa kula na kuliachia zizi peke yake ni kuligawa neno, ukachukua nusu inayouzika na kuitupa nusu inayoshtaki.

Jiko nalo lina kisa chake. Kwa Kiswahili kijana aliyeoa huambiwa amepata jiko, na msemo huo wenyewe unatosha kwa somo zima juu ya hali ya mwanamke. Kwa mamilioni ya akina mama jiko ni mafiga matatu, kuni za kutafuta mbali, moshi machoni na kifuani. Jambo hili ni zito kiasi kwamba mwaka 2024 Serikali ya Tanzania ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Mkahawa wa Jiko wa Florida umejulikana kwa orodha ndefu ya mvinyo wa Afrika Kusini. Msomaji akumbuke kwamba katika mashamba ya zabibu ya Cape wafanyakazi walilipwa kwa vizazi vingi sehemu ya ujira wao kwa mvinyo, mpaka familia nzima zikaharibiwa na ulevi. Hatusemi kila chupa ya leo ina damu hiyo. Tunasema kwamba mlaji anasimuliwa jua, udongo na pipa, naye aliyechuma zabibu hatajwi.

Na Sanaa? Mkahawa huo husifiwa kwa kuchanganya mapishi ya Kiafrika na ya Kihindi, na mkate wake unaoletwa na vitoweleo vya kuchovyea vya aina nyingi. Kuchanganya huko si uongo. Ndiyo historia ya pwani yetu. Biriani, chapati na achari vimekuwa vyetu kwa karne. Lakini Bahari ya Hindi iliyoleta viungo ndiyo iliyosafirisha watumwa, na mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba ya karne ya 19 yalilimwa na mikono ya watumwa. Katika bakuli la viungo mna harufu ya karafuu, na mwenye jembe hayumo.

Ukiyaweka maneno hayo matatu pamoja na Harambe na Uhuru, utaona kanuni moja ikifanya kazi. Wabunifu hawakumwondoa Mwafrika. Wamemwalika, wamempaka rangi nzuri, hata wamemheshimu kwa namna yao. Kilichoondolewa ni kazi yake na mapambano yake. Vitu hivyo viwili ndivyo vinavyomfanya mtu awe mtengeneza historia. Ukimnyang'anya hivyo, amebaki mandhari, sawa na twiga wa dirishani.

NANI ANAPIKA, NANI ANAMILIKI

Mwanafunzi makini atauliza: kazi imeondolewa ukutani, lakini bila shaka ipo ukumbini? Ndiyo, ipo, nayo ni nyingi. Katika hoteli hiyo kampuni imekuwa na utaratibu wa kuwaleta vijana kutoka nchi za Afrika, zaidi za kusini kama Afrika Kusini, Botswana na Namibia, ili wafanye kazi kwa muda kama wawakilishi wa utamaduni. Jina la nchi huandikwa kwenye kibandiko cha kifuani. Kijana huyo anabeba sahani na wakati huohuo anabeba bara zima. Anaulizwa juu ya simba, lugha na ngoma. Kazi mbili zinafanywa na mwili mmoja: kuhudumu, na kuwa Mwafrika mbele ya wateja. Kazi ya pili ndiyo inayompambanua na mhudumu wa hoteli yoyote, na ndiyo iliyo ngumu zaidi kupimwa kwa saa.

Wafanyakazi wa kampuni hiyo Florida hawakulala. Mwaka 2018 vyama vyao vya wafanyakazi, baada ya mvutano mrefu, vilipata mkataba uliopandisha kima cha chini kutoka dola 10 kwa saa mpaka dola 15 ifikapo mwaka 2021, na mwaka 2023 wakapata mkataba wa kufikia dola 18. Hiyo ndiyo harambee ya kweli iliyofanyika karibu na kijiji cha Harambe, nayo haikuchorwa ukutani.

Kuhusu umiliki, jambo la kutosha ni hili. Mwaka 1967 bunge la Florida liliunda wilaya maalumu iliyoiwezesha kampuni kusimamia barabara, maji, ujenzi na zimamoto katika eneo lake kana kwamba ni serikali. Hali hiyo ilidumu mpaka mwaka 2023, jimbo lilipobadili uongozi wa wilaya hiyo. Nasi tunajua kampuni zenye madaraka ya serikali zilivyokuwa: kampuni ya Carl Peters ilipewa hati ya ulinzi na Mfalme wa Ujerumani mwaka 1885, na ile ya Waingereza ya Afrika Mashariki ilipewa hati yake mwaka 1888. Hatudai kwamba mambo haya ni sawasawa. Lakini ni kejeli ya historia kwamba maneno "Uhuru 1961" yaliandikwa kwenye ardhi ambayo kampuni ilijitawalia.

Tena lugha yenyewe imeguswa na sheria ya mali. Kampuni hiyohiyo ilisajili Marekani, mwaka 2003, maneno "Hakuna Matata" kuwa alama yake ya biashara kwa ajili ya nguo. Maneno hayo yaliimbwa na Them Mushrooms wa Mombasa mwaka 1982, na yalisemwa vijiweni kabla ya hapo. Mwaka 2018 zaidi ya watu 100,000 walitia saini kupinga usajili huo. Hakuna aliyekatazwa kuyasema nyumbani kwake. Lakini kanuni iliyowekwa ni kwamba neno la umma linaweza kuwa na mwenye hati.

HOJA YA UPANDE WA PILI

Uhakiki usiosikiliza upande wa pili ni porojo. Zipo hoja tatu za kujibiwa.

Ya kwanza husema: watu wanakwenda kustarehe, hawaendi darasani, nani ataka kusoma habari za kodi ya kibanda wakati anakula? Kweli. Lakini starehe haikuzuia kampuni hiyohiyo kubadilika ilipobanwa. Mwaka 2021, baada ya malalamiko ya miaka mingi, iliondoa katika safari yake ya mashua ya msituni sanamu zilizowadhihaki wenyeji kama washenzi. Wateja hawakupungukiwa na furaha. Basi starehe inaweza kuishi pamoja na heshima. Kinachohitajika ni watu wa kuidai.

Ya pili husema: afadhali kijiji kilichojengwa kwa uangalifu kuliko sinema za zamani za Tarzan. Nayo ni kweli, tena tunakiri ustadi wa mafundi. Kuta zile zimetazamwa kwa makini, vibao vyake vinaonyesha mji wa watu wanaofanya biashara na wanaosoma. Ni hatua. Lakini kadiri igizo linavyokuwa zuri, ndivyo linavyoaminiwa, na mgeni anaporudi kwake akidhani ameiona Afrika Mashariki, kazi ya kumweleza habari za Lamu yenyewe inakuwa ngumu zaidi.

Ya tatu ni nzito kuliko zote, nayo husema: ninyi wenyewe mnafanya hivyohivyo. Hoja hii hatuikwepi.

KWETU NYUMBANI

"Jambo" la Jambo House halikubuniwa Florida. Hakuna Mswahili anayemsalimu mwenzake hivyo; husema hujambo, hamjambo, habari za asubuhi, shikamoo. "Jambo" tupu ni Kiswahili tulichokikata sisi wenyewe kwa ajili ya wageni, tukakiimba, tukakichapa kwenye fulana, mpaka kikasafiri. Huko nje walinunua walichokuta tumekipanga mezani.

Mwaka 1970 gazeti la The Standard la Dar es Salaam lilibeba mjadala mkali juu ya utalii na ujenzi wa ujamaa, na mwaka 1973 Issa Shivji aliuhariri ukawa kitabu. Upande mmoja ulisema utalii unaleta fedha za kigeni na ajira; upande mwingine ulisema unajenga utumwa wa fikra. Frantz Fanon alikwisha kuonya katika kitabu chake cha mwaka 1961, mwaka uleule wa Uhuru wetu, kwamba tabaka la kati la nchi changa huweza kuigeuza nchi yao kuwa uwanja wa starehe za mabwanyenye wa nje. Mjadala ule haukuisha, uliachwa njiani. Mwaka 2023 watalii zaidi ya 1,800,000 kutoka nje walifika Tanzania. Utalii ni nguzo ya uchumi, na anayesema tuufunge hajawahi kuulizwa na kijana wa Karatu au Paje atakula nini. Swali la leo ni tunauza nini, na nani anaamua.

Tuchukue mfano mmoja unaochoma. Mwishoni mwa miaka ya 1960 viongozi wetu waliendesha operesheni ya kuwalazimisha Wamaasai wavae suruali, kwa maelezo kwamba shuka ni alama ya kubaki nyuma. Miaka mingi baadaye hoteli zetu za mbugani na za pwani zinawavisha shuka vijana wasio Wamaasai ili warukeruke mbele ya wageni wakati wa chakula cha jioni. Mara ya kwanza mtu alivuliwa shuka kwa jina la maendeleo. Mara ya pili anavishwa kwa jina la soko. Mara zote mbili hakuulizwa mwenye shuka. Kosa la operesheni ile na kosa la igizo hili ni ndugu wa tumbo moja: yote mawili yanaamini kwamba utamaduni ni vazi linalopangwa na mtu mwingine, aliye juu au aliye na fedha.

FUNZO LA WASEMINOLE

Katika jimbo hilohilo la Florida wanaishi Waseminole. Walipigana na jeshi la Marekani katika vita vitatu katika karne ya 19, mpaka wakabaki mia chache wakijificha katika vinamasi. Mwanzoni mwa karne ya 20 wengi wao, kwa kukosa riziki, waliishi katika vijiji vya maonyesho Miami, watalii wakilipa kuwatazama wakishona, wakipika na kupigana mieleka na mamba. Walikuwa mkahawa wa maigizo wenyewe, kwa nyama na mifupa. Mwaka 2007 kabila hilohilo lilinunua Hard Rock, pamoja na mikahawa, hoteli na kumbi zake katika nchi nyingi, kwa dola milioni 965. Waliokuwa mapambo wakawa wenye ukumbi.

Mfano huu una mafunzo mawili yanayokinzana, na kada lazima ayashike yote. La kwanza: hali ya kuwa mandhari si hatima, watu waliojipanga, wakashika ardhi yao na mamlaka yao, wanaweza kuhama kutoka ukutani hadi kwenye kiti cha mwenye mali. La pili: kubadili mwenye duka si kubadili duka. Mhudumu wa Hard Rock bado anauza nguvu zake kwa saa, na gitaa lililoning'inia bado linapandisha bei ya nyama. Umiliki wa wazawa ni hatua ya lazima. Kuuita ukombozi kamili ni kurudia makosa ya wale waliodhani uafrikanishaji wa viti vya ofisi ndio mwisho wa safari.

KAZI YA KADA

Kutokana na uchambuzi huu tunaona kazi tatu.

Kwanza, kila anayesafiri, ndani au nje, ajifunze kuusoma mkahawa kama anavyosoma gazeti. Maswali ni mepesi: Kisa hiki ni cha nani? Nani anakimiliki? Nani anapika, na analipwa nini? Nini kimeachwa nje ya ukuta? Mwanafunzi wa chuo chetu anaweza kuyauliza katika hoteli yoyote ya mkoa wake, na majibu yakawa somo la juma zima.

Pili, lugha. UNESCO iliitangaza Julai 7 mwaka 2021 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na makada wanajua Julai 7, 1954 ni siku gani. Heshima hiyo itakuwa mapambo tu ikiwa sisi wenyewe tutaendelea kuwauzia wageni Kiswahili cha maneno manne. Mgeni anayefundishwa kujibu shikamoo amefundishwa uhusiano wa mdogo na mkubwa. Anayefundishwa "jambo" amefundishwa kelele.

Tatu, na hili ndilo kubwa: vyama vya ushirika, vijiji na wafanyakazi wa hoteli wawe na sauti juu ya kisa kinachouzwa kwa jina lao, na sehemu katika mapato yake. Kijiji kinachopokea wageni kiamue chenyewe kipi ni cha kuonyeshwa na kipi ni cha faragha. Mpishi aliyerithi pilau kwa bibi yake atajwe jina, kama mvinyo unavyotajwa shamba lake. Mhudumu asilazimishwe kuwa kabila asilolijua ili apate bakshishi. Na pale hoteli inapokuwa katika boma la kale, ukuta useme kodi ilivyolipwa na nani alichapwa. Mgeni mwenye akili atakula, na ataheshimu zaidi.

Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana ilipoundwa mwaka 1962, shabaha yake ilikuwa kumrudishia Mwananchi fahari ya kilicho chake. Fahari hiyo haiwezi kukodishwa. Wageni waje, wale, walipe, washibe. Lakini watukute tukiwa wenyeji wa meza yetu, wenye kazi yetu na historia yetu nzima, pamoja na ile nusu isiyouzika. Neno la Uhuru tuliandike wenyewe, na chini yake tuandike majina ya waliouleta.